Ukuta Uliobisha Hodi

Kila asubuhi mashine inayojenga ukuta wa mpaka katikati ya hifadhi ilikuwa ikifika mlangoni kwetu na kuita, "Hodi!" Kisheria, mkazi akikataa, haisogei. Basi kila siku kazi yangu ilikuwa kufoka tu: "Hapana! Hiyo ni njia ya tembo!"

Juzi nilikuwa kisimani. Mama mkwe wangu, Namkunda, akasikia hodi, akaitikia, "Karibu ndani!"

"Mama, umeikaribisha mashine!"

"Kwani mwanangu, mtu akipiga hodi nimjibuje?"

Sasa ukuta umesimama, na tembo wanalia upande wa pili. Nimepiga marufuku kuitikia hodi hapa nyumbani.

Leo dada yangu amebisha mpaka sauti ikamkauka. Tumenyamaza, tukasikia hatua zake zikitokomea.