Kioo cha Manjano

"Kitoe hicho kioo," alisema Nyamvula.

Erastus alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa ameinama chini ya kitambaa cheusi, kamera yake imesimama kwa miguu mitatu kwenye mteremko wa Mikindani, na moshi ukimwingia puani. Alitoa kichwa nje.

"Mama, hiki kioo cha manjano ndicho kinachopunguza moshi kwenye picha. Nikikitoa, nyumba yako itaonekana kama imezama kwenye uji."

"Na ionekane hivyo hivyo, mwanangu. Kitoe."

Alikitoa kwa shingo upande. Erastus alikuwa mpiga picha wa mandhari. Dirisha la studio yake pale Changamwe lilijaa fukwe za Nyali na minazi ya Likoni, bila mtu hata mmoja, maana watu, alizoea kusema, hupepesa macho kisha huja kulalamika. Hakupenda jina lake lisafiri hadi Seiloni, ng'ambo ya bahari, nyuma ya picha ya moshi mtupu.

Kwa wiki nzima moto ulikuwa umekula vichaka vya Mikindani. Ulianza kama kila mwaka, watu wakisafisha mashamba kabla ya masika, ila mwaka huu upepo uliwapokonya moto huo. Jana asubuhi ulikuwa umezimika wote na anga limetakata. Erastus alipanda mbio na kamera begani, akamkuta Nyamvula mlangoni. "Leo siko tayari," mama huyo alimwambia. "Njoo kesho." Na kesho ndiyo hii: moto umezuka upya, tena hatua chache tu chini ya shamba lake. Kuna watu wameandamwa na mikosi, aliwaza Erastus, akamhurumia kwa dhati.

Alimhurumia kwa sababu yeye ndiye aliyemsomea ile barua. Iliandikwa na kasisi wa jeshi. Nguma, mume wa Nyamvula, alikuwa amelazwa hospitali ya jeshi huko Seiloni na jeraha la kifua alilolipata Bama, kwenye vita na Wajapani. Hali chakula. Kila siku anauliza habari za nyumba yake na binti yake Kache, wala hana swali jingine. Kama picha yao ipo, aliandika kasisi, itumwe upesi, huenda ikampa sababu ya kuishi. Tsofa, askari wa kijiji hicho aliyekuwa likizoni, alikuwa anapanda meli Kilindini keshoye kurudi huko, na ndiye angeibeba picha. Kwa hiyo ilikuwa leo au basi.

"Tungoje upepo ugeuke," Erastus alijaribu tena. "Nusu saa tu. Baba amwone mtoto wake vizuri."

"Piga sasa hivi, nakuomba." Macho ya Nyamvula yalikuwa mekundu na viganja vyake vyeusi kwa masizi. Aligeukia nyumba. "Kache!"

"Abee!"

Alitoka msichana wa miaka minane hivi, akivutavuta mabega ya gauni jeupe lililombana. Nguma mwenyewe ndiye aliyelinunua gauni hilo, wiki moja kabla ya kupelekwa ng'ambo.

"Amekua haraka huyu," alisema Erastus.

"Watoto," alijibu Nyamvula, akatazama pembeni.

Mtoto alionekana mwoga, basi Erastus akamtania kwamba jina lake ni la bibi kizee.

"Ni la bibi yake kweli, mama yake Nguma," alisema Nyamvula. "Kwetu mwanamume akipata binti wa kwanza humpa jina la mama yake. Ndugu wote hufanya hivyo."

"Hata kwetu bara ni hivyo hivyo, mama."

Nyamvula alimshika mtoto mkono, akampeleka mbali, chini ya mkorosho ulio kando ya nyumba. Pale palikuwa na tuta la udongo lililofunikwa makuti. Erastus alidhani ni mbegu za muhogo. Nyamvula alimsimamisha mtoto mbele ya tuta hilo, akamrekebisha gauni, akarudi.

"Asogee kidogo tu, uso uonekane," Erastus alisihi.

"Hapo hapo."

Hakubishana tena. Alijifunika kitambaa chake cheusi na kutazama, na hapo moyo wake ukalainika. Kwenye kioo cha nyuma ya kamera kila kitu kilikuwa juu chini: moshi unatiririka, nyumba inaning'inia, na katikati yake alama ndogo nyeupe ya mtoto. Uso haukuonekana kabisa. Lakini kwa jinsi alivyosimama kando ya ule mkorosho, mikono imelala ubavuni, baba yeyote angemjua, aliwaza Erastus. Kwa mara ya kwanza alifurahi kuwa na mtu ndani ya mandhari yake.

Alipiga mara mbili, kwa tahadhari.

"Sasa atapona, mama," alisema akifuta lenzi. "Akiiona hii atapona."

Nyamvula alikaa chini palepale kwenye majani yaliyoungua na kuanza kulia. "Mungu anisamehe," alisema. Erastus alimwambia asijali, hata yeye leo alikuwa na haraka.

Alikuwa anakunja miguu ya kamera mtoto aliporudi. Alikuwa amejifunga leso, na gauni jeupe amelikunja vizuri mikononi.

"Mama mkubwa," alimwambia Nyamvula, "tuuzime ule moto wetu sasa? Nataka kurudi kwa mama."

Nyamvula alilipokea gauni. Alitembea hadi kwenye mkorosho, akaondoa makuti juu ya tuta, akainua msalaba mdogo uliolazwa chini yake na kuusimamisha tena.