Mpaka Mwanamkuu Aseme Basi

Sheria ilisema kwamba mwigizaji akifariki, kivuli chake kitaendelea kuigiza mpaka mwenzake wa siku zote aseme basi. Kwa hiyo marehemu Shekue, gwiji aliyeigiza na Mwanamkuu miaka kumi na tisa, bado alikaa jikoni kwa mwanamke huyo kila asubuhi, wakipitia maneno yao huku chai ikichemka.

Siku moja mjane wa Shekue alipiga simu.

“Mdogo wangu, mwache apumzike. Kila nikiwasha televisheni nakuta anakuoa wewe. Mara ya tano hii, na mimi alinioa mara moja tu!”

Wakacheka, kisha mjane akaanza kulia. Mwanamkuu akaahidi kusema basi siku hiyohiyo.

Aliporudi jikoni, kivuli kiliinua macho.

“Umeingia haraka mno. Rudi mlangoni, uniangalie kama vile hukutarajia kunikuta.”

Akarudi mlangoni. Wakaendelea mpaka jioni, simu ilipolia tena.

“Umeshasema?”

“Nimeshasema, dada. Ameondoka salama.”

Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Kando yake kivuli kilimwitikia kwa kichwa, taratibu, kama Shekue alivyofanya kila Mwanamkuu alipoigiza vizuri.