Mashine Isiyohitaji Mwenzi

Siku mashine mpya ya gemu ilipotangazwa, wachezaji wa mtaa mzima walijazana kibandani mbele ya runinga. Mtangazaji alieleza kwamba mashine hiyo haihitaji mchezaji wa pili; hujifunza uchezaji na sauti ya mwenzako, ikacheza badala yake. Wengine walishangilia, wengine wakazomea. Mwanahawa alizomea hadi sauti ikamkauka. Mumewe Shekue, aliyecheza naye kila jioni tangu waoane, alipiga makofi.

Haukupita muda mashine ikawa sebuleni kwao. Mwanahawa alikuwa jikoni akikuna nazi aliposikia kicheko chake mwenyewe kikitoka huko. Alinawa mikono, akachukua pedi yake ya kuchezea, akaenda kuketi kando ya mumewe.

"Nami nipe zamu, Shekue."

"Pumzika, mke wangu. Siku hizi unachoka mapema."

"Sijachoka."

Kabla hajajibiwa, sauti yake ileile ikatoka kwenye mashine: "Mume wangu, tuendelee?"

"Tuendelee," alisema Shekue bila kugeuka, akitabasamu kama enzi za uchumba wao.

Mwanahawa alifungua kinywa, lakini hakupata neno ambalo mashine haikuwa imeshalisema kwa utamu zaidi.