Karatasi Iliyosema “Leo”

Jumatatu, tarehe 13 Machi 2023, katika kituo kimoja cha polisi, Ndeshi wa Nkoaranga aliwekewa mbele yake karatasi ya dhamana na kidau cha wino.

“Weka dole gumba, mama, umchukue mzee wako mkale loshoro,” alisema askari, akijichokonoa meno.

Wino ulikuwa mzito, umenasa nywele na taka za vidole vya wenzake waliotangulia. Dole lake lilikuwa limekwisha kuchovywa.

Lakini kisomo cha watu wazima kilikuwa kimemfungua macho. Alisoma polepole: “Amekamatwa leo.” Mumewe alikuwa na siku tisa mahabusu.

“Afande, sheria inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne.”

“Hapa mkuu wa kituo ameisimamisha.”

“Kinachosimamishwa kwa mkono ni gari, si haki ya Katiba.”

“Basi usipoweka dole, hatoki.”

Ndeshi alilipangusa dole lake pembeni mwa meza, akachukua kalamu ya askari, akalikata kwa mstari neno “leo”. Juu yake akaandika, kwa herufi kubwa za darasani: TAREHE NNE.

Askari akaacha kujichokonoa meno.

Wewe uliyeisoma habari hii, msomee asiyejua kusoma.