Kamera Inayopenya Vumbi

Pigo la kwanza lilimpata mkwe mgongoni, la pili magotini, la tatu likamlaza chini pale uani, kando ya darubini.

"Leo utanitambua!" alifoka Fundi, mpini wa jembe mkononi. Usoni hakumgusa. Uso alimwachia makusudi, kesho kituo cha polisi wamjue vizuri.

Mkwe hakurudisha hata kofi. Alijikunja upesi, magoti tumboni, mikono kichwani.

Robo saa kabla ya hapo, Fundi alikuwa ameiinamia kamera yake, iliyofungwa kwenye darubini, kwa utulivu wa mtu aliye ibadani. Miaka thelathini ya kutengeneza kamera za watu, hatimaye kajitengenezea yake: ameng'oa kichujio cha ndani ili ipokee mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, maana huo ndio unaopenya vumbi la angani. Giza lilikuwa ndiyo kwanza limekolea. Galaksi iliyojificha nyuma ya vumbi ikaanza kumtokea kwenye skrini, hafifu kama pumzi.

"Ya Mungu mengi," alinong'ona.

Ndipo katika chumba cha uani, wanakokaa binti yake na mumewe, kikasikika kishindo. Vyombo vikavunjika. Mtu akalia kilio cha kuzibwa mdomo.

Miezi minane alikuwa akiyasikia hayo. Miezi minane binti akimjibu, "Hamna kitu, baba." Juzi mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa, eti kabanwa na mlango. Na huyo mumewe, karani anayejikwatua hata siku ya kufua, mtaa mzima ukimwita Bwana Poda! Fundi naye alikuwa akimtania: "Mkwe, kati yenu wawili bibi harusi ni nani?"

Leo utani uliisha, akashika mpini.

"Baba, inatosha," binti alisema mlangoni, macho makavu.

"Bado unamtetea! Njoo hapa kwenye balbu."

"Nina nini?"

"Na wewe umejipaka poda. Kamera hii haijui poda, mwanangu. Imepenya vumbi la mbinguni, ishindwe na la dukani? Alichokufanyia kitaonekana chote, na polisi watakiona. Leo unarudi kulala kwangu, nyumba kubwa."

Binti alirudi nyuma hatua moja. "Sitaki picha."

"Unamwogopa. Basi mtakaa wote wawili, aone mwisho wake."

Akamketisha binti kwenye benchi chini ya balbu, akamkamata mkwe ukosi, akamburuta, akamkalisha ubavuni mwa mkewe. Kwa mara ya kwanza mkwe akafungua mdomo.

"Mzee, nakuomba. Kila kitu sawa, ila picha hapana."

Fundi akamtwanga mpini wa bega. "Sasa ndiyo unaogopa?"

Akaichomoa kamera kwenye darubini, akafunga lenzi fupi, akabonyeza.

Picha ikatokea, nyeusi na nyeupe. Akaukuza uso wa binti. Jicho, shavu, shingo: safi kama yai lililomenywa. Akaukuza tena, haamini. Kisha akasogeza picha upande wa mkwe.

Chini ya poda, uso ule ulikuwa umevilia damu toka sikioni hadi kidevuni, majeraha mapya juu ya ya zamani. Shingoni, alama za vidole vitano vyembamba.

"Baba," binti alisema, keshasimama nyuma ya bega lake, kwa upole kabisa. "Futa."