Joto la Boneti

Kabla ya kukagua chochote, Fundi Shekue aliweka kiganja juu ya boneti ya lile gari kubwa kuukuu.

"Ina moto," alimnong'oneza mnunuzi aliyemleta. "Limeshawashwa leo. Huenda injini ikiwa baridi inagoma, na hapa tunafichwa hilo."

Bi Rukaya, mwenye gari, alisikia. "Sifichi kitu, mwanangu. Marehemu mume wangu alikuwa akiliwasha kila alfajiri kwenda kazini. Tangu tumzike naliwasha mimi, nyumba isikie mlio wake."

Fundi alipangusa mikono iliyokuwa safi. "Tutarudi kesho, mama. Ila kesho usiliwashe. Lazima tulikute baridi."

Walipoondoka, Bi Rukaya aliweka kiganja pale pale juu ya boneti, akakiacha mpaka bati likapoa.