Moyo Usiodunda

Sheria ilimtaka kila mbunifu wa kifaa cha hospitali aishi nacho mwilini mwake mwaka mzima kabla ya mgonjwa yeyote kuwekewa. Ndiyo maana Zuhra alikuwa na moyo alioubuni mwenyewe, unaosukuma damu bila kudunda. Alipanda ngazi za ghorofa sita bila kuhema, akajishika kifua kilichotulia kama maji mtungini, akastaajabu kwamba yu hai.

Alasiri alisinzia kwenye kochi. Alipozinduka, mumewe Mbarouk, muuguzi kwa miaka ishirini, alikuwa amemshika mkono, vidole juu ya mshipa.

“Baba Rukia, si nilikwambia mapigo hayapo?”

“Najua. Mazoea tu.”

Kwenye kiganja chake cha pili, kwa kalamu, alikuwa ameshaandika saa aliyofariki mkewe.